Dakika nane: uchambuzi wa kisa cha wanafunzi watatu na sayari ya pili ambayo haikuwepo

Kisa hiki kimeandikwa kwa ajili ya wasimamizi wa wanafunzi wa shahada ya kwanza wanaofanya utafiti wa fizikia na astronomia, na kwa wanafunzi wenyewe. Jina la chuo, la darubini na la nyota yameondolewa, pamoja na mwaka. Namba zimezungushwa kidogo pasipo kuharibu hesabu. Wanafunzi wanaitwa A, B na C.

## Mazingira

Wanafunzi hao walipewa wiki 10 chini ya msimamizi mmoja, mtaalamu wa sayari zinazozunguka nyota nyingine. Alisaidiwa na mwanafunzi wa uzamivu. A alikuwa mwaka wa pili, hodari wa kuandika programu na mwepesi wa kusema. B alikuwa mwaka wa tatu, mtulivu, na ndiye aliyekesha kwenye darubini kuliko wenzake. C alikuwa amemaliza mwaka wa kwanza tu na hakuwa amesoma takwimu.

Kazi yao ilikuwa kupima wakati wa katikati wa mpito wa sayari moja kubwa inayoizunguka nyota yake kila baada ya siku 2.2. Sayari inapopita mbele ya nyota hiyo, mwangaza hupungua kwa takriban asilimia 1.5, na mpito wote huchukua saa mbili na nusu. Darubini ilikuwa na kioo cha sentimita 40 na kamera ya kidijitali (CCD) iliyopozwa, na kila picha ilichukua sekunde 60. Usiku mmoja wa mpito hula karibu saa tano, kwa sababu lazima kuwe na saa moja ya picha kabla ya mwangaza kushuka na nyingine baada ya kurudi. Upande mmoja ukikosekana, mteremko mdogo unaoletwa na nyota kushuka kuelekea upeo, ambako mwanga wake hupita kwenye hewa nyingi zaidi, huivuta katikati ya mpito kwa dakika nzima au zaidi. Ni kosa linalowapata wengi, na kundi hili halikulifanya hata mara moja.

Baada ya picha hufuata kazi inayojulikana: kuondoa bayasi na picha za giza (ishara inayotoka kwenye kamera yenyewe, si kwenye nyota), kugawanya kwa picha za flati (za uso wenye mwanga sawa, zinazoonyesha sehemu zipi za kamera zinapokea mwanga zaidi), kupima mwanga wa nyota ndani ya duara dogo pamoja na nyota linganishi nne au tano, kisha kuoanisha modeli ya mpito na mchoro wa mwangaza ili kupata wakati wa katikati. Kwa darubini hii, mpito mmoja mzuri ulitoa wakati wenye mashaka, yaani kiasi unachoweza kukosea, ya kama sekunde 45.

Wakati huo hulinganishwa na utabiri. Utabiri ni wakati wa rejea uliochapishwa, ukijumlishwa na idadi ya mizunguko iliyopita tangu hapo mara kipindi kimoja. Tangu wakati wa rejea ilikuwa imepita mizunguko 900 hivi. Kipindi kilichochapishwa kilikuwa na mashaka ya sekunde 0.03, kwa hiyo utabiri wenyewe ulikuwa na mashaka ya sekunde 27. Wanafunzi wengi husahau sehemu hii, wakadhani jedwali halikosei.

Msimamizi alichagua mradi huu kwa sababu jibu lolote lina faida. Nyakati zikilingana na utabiri, zinasaidia kunoa kipindi kwa ajili ya watu wanaopanga kuitazama sayari hiyo kwa darubini kubwa. Zisipolingana, huenda kuna sayari nyingine inayoivuta. Mwanafunzi mwenye wiki 10 hafai kupewa swali lenye thamani likijibiwa upande mmoja tu. Isitoshe, ghala la kundi lilikuwa na mipito 9 ya misimu mitatu iliyotangulia, iliyochakatwa kwa programu ya zamani, na yote ilikaa vizuri juu ya utabiri. Ghala hilo ndilo lililokuja kuokoa mradi, ingawa kwa wiki sita hakuna aliyelitumia kama lilivyostahili kutumiwa.

## Wiki sita za kwanza

Wiki mbili za mwanzo zilikuwa za mafunzo. Kila Jumatatu kulikuwa na kikao cha saa moja na msimamizi, na kila asubuhi dakika 15 na msaidizi. Kila mwanafunzi alikuwa na daftari lake la kazi. Katika wiki ya pili B alikagua saa ya kompyuta ya darubini kwa kuilinganisha na seva za muda za intaneti. Haikupotoka hata nusu sekunde. Akaandika matokeo pamoja na tarehe, na kipimo hicho kiliokoa muda mwingi baadaye, kwani mshukiwa wa kwanza katika kisa cha namna hii huwa ni saa ya kompyuta.

Katika wiki ya tatu A aliona kwamba programu ya zamani inachukua saa sita kuchakata usiku mmoja. Akaomba ruhusa ya kuiandika upya kwa Python. Msimamizi alikubali, na baada ya siku nane A alikuwa na programu iliyomaliza usiku uleule kwa dakika 25. Ilikuwa kazi nzuri kweli. Msimbo ulisomeka vizuri, na michoro ilitoka safi kuliko ile ya zamani.

Wiki hiyohiyo B aliandika kwenye daftari lake: «DATE-OBS kwenye kichwa cha faili = kamera inapofunguliwa. Je, tunatumia katikati?» Hakuuliza kwenye kikao. Daftari halikusomwa na mtu mwingine.

Kuanzia wiki ya nne hadi ya sita msimamizi alisafiri. Vikao vya Jumatatu vikageuka barua pepe, na barua pepe zikawa zinaandikwa na A kwa niaba ya wote. Msaidizi naye alikuwa na tasnifu ya kukamilisha; zile dakika 15 za asubuhi zikabaki kwa siku zenye tatizo dhahiri. Hali ya hewa ilikuwa nzuri, na tangu wiki ya kwanza kundi lilikuwa limepata mipito mipya mitano ndani ya siku 42. Mwishoni mwa wiki ya sita C alichora nyakati zote 14 kwenye grafu moja. Mipito 9 ya zamani ilikaa kwenye sifuri. Mipya ilikuwa chini kabisa: wa kwanza ulitangulia utabiri kwa dakika 8.4, na pengo likapungua usiku hadi usiku hadi dakika 5.1 kwa mpito wa mwisho.

Kila nukta ilikuwa na mashaka ya chini ya dakika moja. Wanafunzi walifanya walichofundishwa. Walibadilisha nyota linganishi, wakabadilisha kipenyo cha duara la kupimia, wakaondoa picha zilizoharibiwa na mawingu mepesi. Jibu halikusogea kwa zaidi ya sekunde 20. Mabaki baada ya kuoanisha modeli, yaani tofauti kati ya vipimo na modeli, hayakuonyesha mwelekeo wowote. Basi wakaoanisha mawimbi na zile nukta tano, wakapata mzunguko mrefu, na A akaandika rasimu ya ikisiri yenye maneno «ushahidi wa sayari ya pili». Mwisho wa kupokea ikisiri za kongamano la wanafunzi ulikuwa Alhamisi ya wiki ya saba.

## Siku tatu

Msimamizi alirudi Jumatatu ya wiki ya saba, akaiona grafu. Mwanaastronomia anayeona pengo la dakika nane kwenye vipimo vya muda hujiuliza jambo moja kabla ya mengine yote. Mwanga huchukua sekunde 499, yaani dakika 8.3, kutoka Jua hadi Duniani. Dunia ikiwa upande ulio karibu na nyota, mwanga wa nyota hiyo hutufikia mapema. Baada ya nusu mwaka, tukiwa ng'ambo ya Jua, hutufikia umechelewa. Mwanaastronomia Ole Rømer aliliona jambo hili mwaka 1676 kwa kutazama mwezi Io wa sayari ya Mshtarii ukiingia kivulini mapema au kwa kuchelewa, kulingana na Dunia ilivyosogea, akahitimisha kuwa mwanga una mwendo wenye kikomo. Ndiyo maana nyakati za mipito haziachwi kama zilivyosomwa Duniani. Huhamishwa hadi kitovu cha uzito cha mfumo wa Jua, kana kwamba saa imewekwa pale.

Kwa nyota iliyo digrii 30 kutoka njia ya Jua angani, masahihisho hayo hufikia 499 mara kosaini ya 30, kama sekunde 430 upande huu au ule. Mpito mpya wa kwanza ulipimwa siku 20 baada ya Dunia kupita kati ya Jua na upande wa nyota, na wa mwisho siku 62 baada yake. Masahihisho yaliyotakiwa ni takriban sekunde 407 na 209. Kushuka kwa pengo kwenye grafu kulifuata mkondo huohuo.

Msimamizi hakuwaambia. Aliwapa maswali matatu, akayaandika ubaoni. Je, mkichakata usiku mmoja wa zamani kwa programu mpya, mnapata wakati uleule? Ile sayari ya pili ina mzunguko wa muda gani, na kuna kitu gani kingine chenye mzunguko kama huo? Na safuwima inayoitwa «JD» (siku ya Juliani, hesabu ya siku mfululizo inayotumiwa na wanaastronomia) kwenye jedwali lenu, ni wakati wa saa ipi, iliyowekwa wapi? Akasema wakutane tena Jumatano saa nne asubuhi, na kwamba wakiwa bado wamekwama watatatua pamoja.

Swali la kwanza lilijibiwa jioni ileile. B alichukua picha ghafi za usiku mmoja wa msimu uliotangulia, uliotazamwa mwezi mmoja kabla ya Dunia kufika upande ulio karibu na nyota. Programu ya zamani ilikuwa imetoa wakati unaolingana na utabiri. Programu mpya, kwa picha zilezile, ilitoa wakati unaotangulia kwa dakika 7.9. Sayari ya pili haiwezi kujua picha zake zimechakatwa kwa programu gani, na hapo wote watatu walielewa kwamba tatizo liko kwenye msimbo.

A alikesha akitafuta. Usiku wa manane akagundua kuwa programu mpya ilisoma wakati kwenye kichwa cha faili, ikaugeuza kuwa siku ya Juliani, na kuupeleka moja kwa moja kwenye modeli. Hatua ya kuuhamishia kwenye kitovu cha mfumo wa Jua ilikuwa imefichwa ndani ya programu ya zamani, katika faili lenye jina lisiloashiria muda kabisa, na A hakulihamisha. Akaandika masahihisho kwa kutumia astropy, maktaba ya msimbo wa Python ulioandaliwa kwa wanaastronomia, akaendesha tena usiku ule wa majaribio. Pengo likapanuka hadi zaidi ya dakika 12.

Kosa hilo la pili ni la kila siku. Kuratibu ya mashariki-magharibi ya nyota huandikwa kwa saa, na saa moja ni digrii 15. Nyota iliyo kwenye saa 19 iko digrii 285, lakini programu ilipewa 19 kama digrii. Masahihisho yakahesabiwa kwa sehemu nyingine ya anga. Kama kusingekuwa na usiku wa majaribio wenye jibu linalojulikana, masahihisho hayo mabovu yangepita, kwa maana yalikuwa na ukubwa unaotarajiwa na hakuna kilichoonekana kuvunjika.

Jumanne mchana kosa hilo lilirekebishwa. Pengo kati ya programu mbili kwa picha zilezile likashuka hadi sekunde 99. A na C waliridhika: sekunde 99 zilionekana ndogo mbele ya dakika nane. B ndiye aliyekataa. Hoja yake ilikuwa kwamba picha ni zilezile, nyota linganishi ni zilezile, kelele ni ileile, hivyo programu mbili zinapaswa kutofautiana kwa sekunde chache tu. Kisha akafungua ukurasa wa wiki ya tatu wa daftari lake. Wakati ulio kwenye kichwa cha faili ni wa kamera kufunguliwa, picha ni ya sekunde 60, basi katikati yake iko sekunde 30 mbele. Zilibaki 69.

Namba hiyo ina historia. Saa ya dunia ya kiraia, UTC, husogezwa kwa sekunde za nyongeza ili isiachane na mzunguko wa Dunia. Tangu tarehe 1 Januari 2017 iko nyuma ya saa za atomiki kwa sekunde 37. Saa ya kinadharia inayotumika kwa mienendo ya angani, TDB, iko mbele ya saa za atomiki kwa sekunde 32.184. Jumla ni sekunde 69.184. C alikuta jambo hilo kwenye maelezo ya maktaba ileile waliyokuwa wakiitumia: kipimo cha muda kilikuwa kimeachwa kwenye UTC badala ya TDB. Jumatano saa tatu na nusu, nusu saa kabla ya kikao, programu mbili zilikubaliana ndani ya sekunde 2.

## Maamuzi na sababu zake

Kukubali programu iandikwe upya. Kulikuwa na sababu ya kweli: saa sita kwa kila usiku ziliwazuia wanafunzi kujaribu njia mbalimbali, na mwanafunzi aliyejenga kitu chake hukielewa. Uamuzi wenyewe haukuwa mbaya. Kilichokosekana ni sharti la kuupokea msimbo mpya, yaani usiku mmoja wa zamani upite ndani yake na jibu litoke lilelile, na kazi hiyo ingechukua dakika 25.

Kutowaambia wanafunzi jibu. Msimamizi alipima gharama: siku mbili na nusu katika wiki 10, tena zikiwa zimebaki siku tatu kabla ya ikisiri kutumwa. Aliona kwamba wakiambiwa watarekebisha mstari mmoja wa msimbo, ilhali wakitafuta watajifunza namna ya kuishuku namba yao wenyewe. Lakini hakuwaacha gizani. Aliweka siku na saa ya mwisho ya kutafuta, na maswali yake yalielekeza mahali pa kuchimba.

Ikisiri. Njia zilikuwa tatu: kutuma madai kama yalivyo, kutotuma kabisa, au kutuma ikisiri ya kazi ambayo kundi lingeweza kuitetea kwa vyovyote. Walichagua ya tatu. Ikisiri ilitangaza nyakati za mipito 14 pamoja na jaribio la usahihi wa muda wa darubini, bila neno lolote juu ya sayari ya pili. Iliandikwa Jumatano mchana, na iliandikwa na C, kwa pendekezo la msimamizi. Katika majuma sita ya nyuma C hakuwa ameandika chochote kilichosomwa nje ya kundi.

Namna ya kulizungumza kosa. A aliingia kwenye kikao cha Jumatano akiwa ameshaandaa maneno ya kuomba radhi. Msimamizi alimruhusu aseme, kisha akaandika ubaoni mlolongo wa matukio ambao ndani yake hamkuwa na jina la mtu: hatua ilifichwa kwenye faili lenye jina baya, sharti la kupokea msimbo halikuwekwa, swali la daftari halikusomwa. Mstari wa pili na wa tatu aliutaja wazi kuwa ni wajibu wake. Halafu akawasimulia kisa cha PSR 1829−10, ambayo ni pulsa, yaani masalia ya nyota yanayozunguka kwa kasi na kutoa mapigo ya redio. Mwaka 1991 Bailes, Lyne na Shemar walitangaza kuwa pulsa hiyo ina sayari yenye mzunguko wa miezi sita. Ilikuja kuonekana kwamba njia ya Dunia kuzunguka Jua ilikuwa imechukuliwa kama duara kamili, ilhali ni duaradufu, na nafasi ya pulsa iliyotumika haikuwa sahihi. Januari 1992 Lyne alisimama mbele ya wanaastronomia wenzake akaeleza kosa lote, na ukumbi ukampigia makofi. Mwezi huohuo Wolszczan na Frail walichapisha sayari za pulsa PSR B1257+12, ambazo zimethibitika.

## Matokeo

Mipito mitano mipya ilichakatwa upya Alhamisi. Kabla ya zile sekunde 99 kurudishwa, wastani wake ungekuwa sekunde 103 mapema, na mashaka ya sekunde 34: 20 kutoka kwenye vipimo vyenyewe, 27 kutoka kwenye utabiri, zikijumlishwa kwa miraba. Baada ya kurudishwa, wastani ulikuwa sekunde 4 mapema, mashaka yaleyale. Hakuna sayari ya pili iliyoonekana. Kipindi cha sayari iliyopo kilipata mashaka madogo kuliko ya mwanzo.

Bango la kongamano lilikuwa na grafu mbili zikiwa sambamba, ile ya wiki ya sita na ile ya wiki ya saba, na jedwali la masahihisho matatu ya muda kwa sekunde. Programu ya A ndiyo inayotumika sasa kwenye kundi. Nyakati 14 zilitumwa kwenye hifadhi ya umma ya vipimo vya mipito.

Kulikuwa na hasara pia. Wiki ya nane ilikuwa imetengwa kwa ajili ya kupima kina cha mpito kwa rangi mbili za mwanga, na kazi hiyo haikufanyika. A alikaa kimya katika vikao kwa zaidi ya wiki moja.

## Uchambuzi

Wanafunzi hawa hawakuwa wazembe. Walikagua kazi yao mara nyingi kuliko watafiti wengi wanavyokagua yao, lakini ukaguzi wao wote ulitazama ndani. Ukisogeza mhimili wa muda kwa dakika nane, umbo la mchoro wa mwangaza halibadiliki hata chembe. Modeli itaoana vizuri vilevile, mabaki yatakuwa safi vilevile, na kubadilisha nyota linganishi hakutasogeza chochote. Kila jaribio walilofanya lilikuwa la aina isiyoweza kuliona kosa lililokuwepo, na kila lilipofaulu liliwaongezea imani. Mwanafunzi afundishwe kuuliza swali hili kabla ya kufanya jaribio lolote: kama kosa ninaloliogopa lipo, jaribio hili litatoa nini? Likitoa jibu lilelile kosa likiwepo na lisipokuwepo, halimsaidii kitu.

Usiku wa majaribio ulifanya kazi kwa sababu ulikuwa na jibu lililojulikana kutoka nje ya programu inayokaguliwa. Una faida ya pili ambayo wengi hawaioni. Kwenye data mpya, kosa la sekunde 103 lilikuwa mara tatu tu ya mashaka, mahali pabaya kuliko pote: kubwa kiasi cha kushawishi, dogo kiasi cha kutetewa kama bahati. Kwenye picha zilezile zilizopita njia mbili, kelele ni moja na hujifuta, kwa hiyo sekunde 99 zilisimama wazi mbele ya tofauti ya kawaida ya sekunde 2. Ndiyo sababu zile 99 zingeweza kugawanywa kuwa 30 na 69 pasipo kubahatisha. Kundi lolote lenye data za zamani lina chombo hiki bure.

Majina ya safuwima yana uzito kuliko yanavyodhaniwa. «JD» haisemi saa ipi, mahali gani, wala ni mwanzo au katikati ya picha. Jina refu lenye mambo yote matatu linachosha kuandika, lakini mtu angeliandika angelazimika kujua jibu. Kuchanganya kwenye grafu moja nyakati za programu mbili kulikuwa na hatari hiyohiyo: hatua ya ghafla kati ya nukta za zamani na mpya ilianguka mahali palepale programu ilipobadilika, na grafu ya C haikuonyesha nukta zipi zimetoka kwenye programu ipi. Rangi mbili tofauti zingetosha kumfanya mtu ashituke.

Kuhusu kukosekana kwa msimamizi kwa wiki tatu, tatizo halikuwa safari. Wasimamizi husafiri. Tatizo ni kwamba vikao vilipogeuka barua pepe, kundi lilipata sauti moja, ya yule aliye mwepesi wa kusema, na mwenye ufunguo alikuwa B. Mwanafunzi mtulivu huandika swali daftarini akitarajia kwamba daftari litasomwa. Lisiposomwa, anachukua kuwa swali halikuwa na maana. Dakika 10 za msaidizi kusoma kurasa za wiki, na kuweka alama kwenye kila kiulizo, zingelinasa swali la sekunde 30 katika wiki ya tatu. Na mtu anayefuatilia sekunde 30 za mwanzo wa picha angeuliza mara moja muda huo unaendaje mbele, akakuta kwamba hauendi popote.

Je, msimamizi alikosea kuficha jibu? Tunaona alifanya vema, kwa masharti. Alikuwa na hakika karibu kamili ya chanzo, maswali yake yalijibika kwa zana walizokuwa nazo, na muda ulikuwa na ukingo. Msimamizi ambaye mwenyewe hajui kosa liko wapi, kisha akawaacha wanafunzi «wajifunze», hawafundishi. Anawatumia kama watafutaji. Kuna jambo moja alilolikosa. Alipaswa kumtazama A mapema zaidi. Kukesha hadi usiku wa manane ilikuwa dalili ya hofu, na mtu mwenye hofu ndiye anayeandika 19 mahali pa 285. Kazi ya kutafuta ingegawanywa kwa watatu tangu Jumatatu, na mwandishi wa msimbo asiwe mkaguzi wake wa pekee.

Kumpa C ikisiri kulizaa zaidi ya ilivyotarajiwa. Alilazimika kuuliza kila mstari unamaanisha nini, na maswali yake ndiyo yaliyoufikisha mkono wake kwenye ukurasa wa maelezo wenye zile sekunde 69 siku moja kabla, alipokuwa bado anajiandaa kwa kazi hiyo. Mwanafunzi asiyejua mengi anasoma maelezo ambayo wanaojua huyaruka.

## Kilichobadilishwa kwa kundi lililofuata

Wiki ya kwanza sasa ina zoezi moja la lazima: kila mwanafunzi huhesabu kwa mkono, kwa kalamu na kikokotoo, masahihisho ya muda ya nyota ya mradi kwa tarehe tatu za mwaka, kisha hulinganisha na programu. Tofauti isizidi sekunde 10. Hesabu ya mkono huchukua mzunguko wa Dunia kuwa duara, na tofauti iliyobaki huwa mwanzo mzuri wa mazungumzo.

Picha ghafi za usiku ule wa majaribio zimewekwa kwenye folda moja na jibu lake. Badiliko lolote la msimbo linaloigusa njia ya kutoka picha hadi wakati wa mpito huendeshwa juu yake kabla ya kupokelewa, na tofauti inayozidi sekunde 5 huzuia kila kitu hadi ielezwe. Madaftari husomwa na msaidizi kila Ijumaa. Kwenye kikao cha Jumatatu kila mwanafunzi husoma kwa sauti kiulizo kimoja kutoka daftari la mwenzake, siyo lake. Msimamizi anaposafiri kikao hufanyika kwa simu ya video, na mwenyekiti wake hubadilika kila wiki.

Faili lililobeba hatua ya muda katika programu ya zamani lilikuwa linaitwa «msaada2». Limepewa jina jipya, na ndani yake, mstari wa kwanza, B ameandika saa ipi, mahali gani, na sehemu gani ya picha.